Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Foleni ya Saratani Janga Linapoingia

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati yenu imeshughulikia jambo moja kuliko mengine yote: deni ambalo janga la UVIKO-19 liliiachia huduma ya saratani, na namna ya kujipanga ili janga lijalo lisituachie jingine.

Upasuaji ulioahirishwa ndio uliozungumzwa sana. Lakini mgonjwa aliyeahirishiwa ana jalada, anajulikana, anaweza kupigiwa simu. Anayetutia hofu zaidi ni yule ambaye hakuwahi kuandikwa popote. Machi 2020 Uingereza, kama nchi nyingine nyingi, ilisitisha kwa vitendo uchunguzi wa matiti, shingo ya kizazi na utumbo mpana kwa watu wasio na dalili. Kikohozi cha zaidi ya wiki 3, ambacho siku za kawaida kingempeleka mtu kupigwa eksirei ya kifua, kilidhaniwa kuwa korona. Vipimo vya kamera, vya tumbo na vya mapafu, vilipunguzwa kwa kuwa huweza kurusha matone hewani, na chumba kilihitaji muda wa kupumzishwa na kusafishwa kabla ya mgonjwa mwingine kuingia. Kwa utumbo mpana, kipimo cha damu isiyoonekana kwenye kinyesi kilisaidia sana, maana sampuli huchukuliwa nyumbani. Matokeo ya mikrogramu 10 au zaidi za himoglobini (rangi nyekundu ya damu) kwa gramu moja ya kinyesi humtanguliza mtu kwenye foleni ya kamera.

Maabara isisahauliwe. Kinyama cha titi kilichokatwa kwa uchunguzi kinapaswa kuingia kwenye formalini (dawa ya kukihifadhi) ya asilimia 10 ndani ya saa 1 baada ya kutolewa, formalini iwe mara 10 ya ujazo wa kinyama, na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Usafiri ukisimama au wahudumu wakiwa karantini, chupa hupitiliza muda huo. Hapo vipokezi vya homoni, yaani sehemu za chembe ya saratani zinazopokea homoni, vinaweza kusomeka hasi ilhali vipo, na mgonjwa akakosa tamoxifen, dawa ya kuzuia homoni, iliyomfaa.

Sasa foleni yenyewe. Utafiti uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2020 ulionyesha kwamba kila wiki 4 za kuchelewesha upasuaji huambatana na ongezeko la asilimia 6 hadi 8 la hatari ya kifo. Hata hivyo, kupanga foleni kwa tarehe ya kufika ni kosa. Saratani ya tezi dume isiyo kali inaweza kusubiri kwa ufuatiliaji. Ya titi yenye vipokezi vya homoni inaweza kushikiliwa kwa dawa za homoni hadi chumba cha upasuaji kipatikane. Saratani kali ya damu haisubiri hata wiki.

Mionzi ya shingo ya kizazi ikishaanza haikatizwi: tiba yote, pamoja na mionzi ya ndani, iishe ndani ya siku 56, na kila siku inayozidi hupunguza uwezo wa kuudhibiti uvimbe kwa takriban asilimia 1. Sababu ni kwamba chembe za saratani zinazobaki huongeza kasi ya kugawanyika katikati ya tiba. Mgonjwa akipata maambukizi na hali yake ikiruhusu, apigwe mionzi akiwa wa mwisho kwa siku, kisha chumba kisafishwe. Siku zilizopotea zifidiwe mwishoni mwa juma, au mara 2 kwa siku kwa kuachanisha saa 6 au zaidi.

Yapo mazuri ya kubaki nayo. Jaribio la FAST-Forward, la mionzi ya saratani ya titi, lililotoa matokeo ya miaka 5 mnamo Aprili 2020, lilithibitisha kuwa grei (kipimo cha kiasi cha mionzi) 26 kwa dozi 5 ndani ya wiki 1 hazipungui ubora kwa titi kuliko grei 40 kwa dozi 15 za wiki 3. Maumivu ya saratani iliyosambaa kwenye mfupa hutulizwa kwa dozi moja ya grei 8. Kumwita mgonjwa wa namna hii mara 10 wakati wa janga ni kumweka hatarini bure.

Jambo linaloua haraka kuliko yote haya ni homa. Siku ya 7 hadi ya 14 baada ya tibakemikali, chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, huwa zimeshuka sana. Joto likifika nyuzi 38, antibayotiki ya mshipa itolewe ndani ya saa 1, kabla hata ya kusubiri majibu ya kipimo cha korona. Kosa la wakati wa janga ni kumpanga mgonjwa huyu kwenye foleni ya wenye mafua, au kumwambia abaki nyumbani anywe panadoli, ambayo hushusha joto na kuficha hatari.

Kamati inaleta mapendekezo mawili kwenye mkutano mkuu: kila mgonjwa wa tibakemikali apewe kadi ya homa na kipimajoto, na mpangilio wa foleni kwa aina ya saratani ukubaliwe sasa, kukiwa na utulivu. Rasimu zote mbili zimeambatanishwa. Naomba wauguzi wa wodi na mafundi wa maabara wazisome kwanza na kuandika pembeni pale zisipotekelezeka.