Kura yangu sikuitupa, niliipeleka nilikotaka

Mhariri,

Juzi mlichapisha barua ya msomaji mmoja anayesema eti ukimpigia mgombea wa chama kidogo ni sawa na aliyebaki nyumbani kalala, kura imeenda na maji. Naomba na mimi niseme yangu maana hiyo kauli naisikia kila uchaguzi na imenichosha.

Mi nimeshapiga kura ya nusu shari mara mbili. Unaingia kwenye kile kibanda, jina la mtu unayemkubali kweli liko kule chini, unalisoma mara mbili, halafu kalamu inapanda juu kwa mtu usiyemtaka kwa sababu tu unamwogopa mwenzake. Unakunja karatasi haraka haraka kama umeiba kitu. Kesho yake huyo uliyempa yuko kwenye tivii anasema wananchi wamezikubali sera zangu. Sera zipi jamani, mi nilikuwa namkimbia mwenzako tu! Karatasi haina pa kuandika "nimekupa shingo upande", ikishaingia kwenye sanduku inahesabiwa kama mapenzi.

Sasa simaanishi hesabu haipo, ipo na inauma. Uchaguzi wa rais Marekani mwaka 2000, jimbo la Florida, Bush alimpita Gore kwa kura 537 tu, na Ralph Nader wa chama cha Kijani alikuwa na zaidi ya 97,000 humo humo. Nader kalaumiwa miaka nenda miaka rudi eti kamnyang'anya Gore kura. Ila mbona hawasemi kwamba Gore alishindwa Tennessee, jimbo la kwao, na angelipata hilo peke yake angekuwa rais bila hiyo Florida, maana kule anayemchagua rais ni wajumbe wa majimbo? Watu wa kwao wenyewe hawakumtaka halafu mwenye kosa ni Nader. Kura ni ya mpiga kura bwana, Gore hakuibiwa, alikosa.

Ufaransa 2002 ndo ilinifanya nifikirie vizuri kidogo. Wagombea 16, mrengo wa kushoto wakagawana vipande vipande, kila mtu anajua kuna duru ya pili kwa hiyo ya kwanza wanafuata moyo, kushtuka Jospin, mgombea wao mkubwa, yuko nje na aliyeingia na Chirac wa mrengo wa kulia ni Le Pen wa kulia yenye siasa kali. Ikabidi watu wa kushoto wakampigie Chirac wameziba pua, akapata asilimia 82. Hapo nakubali, ukichezea moyo bila kuangalia namba unaweza kuamkia pabaya.

Kwa hiyo mimi naangalia kwanza napigia wapi. Kama ushindani umebanana kweli, sawa, nusu shari. Kama inajulikana kabisa nani anachukua, kuongeza kura moja kwenye rundo la mshindi inamsaidia nani? Hapo nampa wa kwangu, angalau wakubwa waone kuna watu wanaondoka. Ross Perot, mgombea binafsi wa urais Marekani 1992, alipata karibu asilimia 19 ya kura na hakuambulia hata mjumbe mmoja wa kuchagua rais, lakini ile nakisi ya bajeti aliyoipigia kelele vyama vikubwa vilishindwa kuikwepa.

Na hii presha yote inatokana na namna ya kuhesabu. Australia mtu anapanga wagombea kwa namba, 1, 2, 3, wa kwako akitolewa kura inahamia kwa wa pili, hakuna cha kutupa. Jimbo la Maine kule Marekani nao wakaipitisha kwa kura ya maoni 2016. Kwingine wakubwa wanakaa kimya tu, na wataachaje wakati hofu yetu ndo inawaletea kura bila jasho?

Yule ndugu wa ile barua, kurasa nzima katukana sisi wa vyama vidogo, hajataja hata jambo moja zuri la huyo mgombea anayetaka tumpe sisi kura. Kama ninakosea atuandikie tena, safari hii aanze na hilo.

Msomaji wenu