Mwanangu, kabla ya kujaza hiyo fomu

Mwanangu,

Huku Kisauni sote hatujambo, na mama yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma: unajaza fomu ya kitambulisho, umefika penye kabila ukakwama, unataka nikupe neno moja. Neno moja sina, ndiyo maana nakuandikia barua.

Jina letu hili la Kizungu alipewa babu yake baba yangu siku alipobatizwa Frere Town, hapa Mombasa. Wewe unapajua kwa matatu za Kengeleni na ile kengele kuukuu, basi. Wamisionari wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, walikianzisha kituo hicho mwaka 1875 kuwapa makazi watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Miaka miwili nyuma Sultani Barghash alikuwa amelifunga soko la watumwa la Unguja, lakini biashara haikufa. Kimbunga cha 1872 kilikuwa kimeing'oa mikarafuu ya Unguja, mashamba ya Pemba yakapanda chati, na yalitaka watu wa kuchuma. Basi watu wakaswagwa kwa miguu kutoka Kilwa, wakifuata pwani kwenda kaskazini, kisha wakavushwa kwa siri. Mabaharia wa manowari ya Kiingereza iitwayo London, iliyotia nanga Unguja, ndio waliokuwa wakiyavizia majahazi hayo. Babu huyo alikuwa mtoto ndani ya mojawapo.

Daftari la ubatizo linasema ni Myao, na ukoo wetu umetulia hapo miaka yote. Mimi neno hilo siliamini sana. Fikiria lilivyopatikana: mtoto ameteremshwa chomboni, anahojiwa na mkalimani asiyemjua, anajibu kwa lugha aliyoizoea njiani. Misafara mingi iliyoshuka Kilwa kutoka Ziwa Nyasa ilikuwa ya Wayao, na waliofungwa ndani yake walikuwa wa kila namna: Wanyasa, Wamakua, hata Wayao wenyewe. Anaweza kuwa Myao kweli. Anaweza pia kuwa alipachikwa kabila la aliyemuuza. Na ile hadithi ya ami yako kwamba alikuwa mtoto wa chifu, iache huko huko harusini. Kila ukoo wa Frere Town una chifu wake. Sijui mashamba yalilimwa na nani.

Mkewe ndiye anayenivuta zaidi, na ndiye tuliyemsahau. Daftarini ana jina la Biblia na jina la mume, basi. Lakini bibi yangu, aliyekuwa mkaza mwana wake na kuishi naye nyumba moja, alinihadithia kuwa mdomo wake wa juu ulikuwa na tundu. Akinywa chai alilibana kwa kidole, la sivyo ilimchuruzika hadi kidevuni. Hilo ni tundu la ndonya, kile kipambo kilichovaliwa mdomoni. Walimvisha gauni, wakampa jina jipya, tundu likabaki. Nalo linatupeleka Ruvuma, kwa Wamakonde, Wamakua na majirani zao. Tena ndonya hakuvishwa mtoto wa kubebwa. Alichukuliwa akiwa na akili zake, anakumbuka kwao na jina la mama yake. Watoto wake wangeweza kumuuliza. Hawakumuuliza.

Usidhani walifika peponi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi Mwingereza wa kituo alichunguzwa kwa kuwachapa watu viboko. Lakini babu alijifunza useremala hapo, na baadhi ya waliowafundisha walikuwa Waafrika wenzao waliolelewa Nasik, India, ambako nao walipelekwa baada ya kuokolewa baharini. Babu na lugha yake, mkewe na yake, ndani ya nyumba kikabaki Kiswahili. Watoto wao hawakujua kingine.

Sasa hiyo fomu. Ami yako aliandika Mrabai, upande wa mama yetu. Mimi niliandika Mswahili. Tumbo moja, makabila mawili, na karani hakuinua hata kichwa. Chagua lolote kati ya hayo, ila usiandike Myao kwa sababu ya daftari peke yake.

Ukija Desemba twende Rabai kwa bibi yako, dada yake marehemu babu yako, baba yangu. Ndiye wa mwisho aliyewahi kulala chumba kimoja na yule mama. Simu iwe na chaji ya kutosha kumrekodi, na maswali uulize wewe, maana mimi nikifungua mdomo ananigeuzia kesi ya shamba.

Baba yako