Chumba cha chuo, geto, au kwa mjomba?

Isevya, Tabora

Shoga yangu Tatu,

Mwangaluka! Najua utanijibu kwa Kiha ili unikomoe, lakini salamu ni salamu. Sisi huku wazima. Jua la Septemba linaunguza, vumbi limeingia hadi kwenye madaftari ninayosahihisha, na mama anakusalimu sana. Tangu nimwambie umechaguliwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anawatangazia majirani utadhani ni yeye aliyefanya mtihani.

Umeniuliza uombe chumba cha chuo, upange mtaani, au ukae kwa mjomba wako Gongo la Mboto ambaye ameshasema mlango uko wazi. Kwenye simu tungeishia kucheka tu, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Nianze na mjomba, maana hapo ndipo pagumu kusema. Kwa ndugu hakuna kodi, ugali wa jioni upo, na wazee wako Ujiji watalala usingizi. Lakini itazame njia. Utoke Gongo la Mboto uje TAZARA, ushike Barabara ya Mandela, Buguruni, Tabata, ufike Ubungo, halafu utafute gari jingine la kukuingiza chuoni. Ukiwa na kipindi cha saa moja asubuhi, utaamka kabla ya muadhini. Jioni ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu foleni haijui kwamba kesho una testi. Na ukishafika nyumbani uanafunzi umeisha, wewe ni binti wa nyumba: vyombo vinakusubiri, watoto wanataka kusaidiwa hesabu, mgeni akija wewe ndiye unayepisha chumba. Mjomba hana ubaya wowote, nyumba zetu ndivyo zilivyo. Mwombe akupokee siku za mwanzo, na kwake pawe pa kwenda Jumapili na sikukuu. Hayo usimwambie wewe. Mtume mama yako, yeye ndiye dada yake, atasikilizwa kuliko wewe.

Sasa chuo chenyewe. Usidhani "hosteli ya chuo" ni mahali pamoja. Kuna mabweni ya zamani ya palepale Mlimani, yale yanayotajwa kwa namba. Kuna Mabibo, ambayo iko nje ya Mlimani, kwa hiyo ukipangiwa huko bado una safari ya gari kila siku, japo fupi. Na kuna Hosteli za Magufuli, zilizozinduliwa Aprili 2017: majengo 20, nafasi za wanafunzi 3,840. Ukiisikia idadi hiyo unadhani tatizo limekwisha, lakini Mlimani ina wanafunzi makumi ya maelfu. Kitanda ni cha kugombea.

Ndiyo maana nakwambia usingoje kufika Dar. Maombi ya chumba yanafanyika kwenye akaunti yako ya ARIS, ule mfumo wa chuo wa mtandaoni, ileile utakayosajilia masomo. Dirisha likifunguliwa, omba siku hiyohiyo hata kama mtandao unasuasua. Nenda kwa mtu wa stesheneri akufanyie, wewe ukae pembeni yake usome kila anachojaza. Ukipangiwa utapata namba ya malipo. Lipa haraka, maana kitanda kisicholipiwa kina wenyewe wengi wanaokisubiri.

Kwenye hela ndipo watu wanapojidanganya. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 Bodi ya Mikopo inahesabu shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Ukizidisha kwa siku 60 unapata laki sita, na bumu la namna hiyo, yaani hiyo hela ya mkopo ya kujikimu, likiingia kwenye akaunti, mtu anajiona anaweza kuchukua geto lake Changanyikeni au Msewe, jiko lake, funguo yake. Tatizo ni kwamba mwenye nyumba hahesabu kwa siku. Anataka miezi sita, wengine mwaka mzima, mkononi, kabla hujaingiza godoro. Dalali naye anataka ya mwezi mmoja, mbali na hela ya kukuzungusha kuona vyumba, hata usipochukua hata kimoja. Na kodi inadaiwa kwanza, bumu linakuja baadaye. Nimewaona wasichana wenye mkopo kamili wakikopa kwa watu ambao hupaswi hata kuwapa namba ya simu, kwa ajili ya hizo wiki chache tu. Chumba cha chuo, pamoja na kero zake zote, bei yake haifanani na ya mtaani, na hakuna mtu wa kukugongea mlango akidai hela ya luku.

Ungekuja kusoma hapa kwetu, chuo cha AMUCTA, nisingekuandikia kurasa zote hizi. Tabora unapanga chumba mtaani, unapanda baiskeli, umefika. Na binamu yangu aliyesoma Chuo Kikuu cha Dodoma hunicheka nikimsimulia kugombea vitanda. Wao walianza mwaka 2007 na eneo la kujimwaga kule Chimwaga, mabweni mengi, shida yao ni mwendo wa kutoka kitandani hadi darasani. Kwa hiyo ushauri wangu ni wa Mlimani, usimpe mdogo wako anayekwenda kwingine.

Kero zenyewe sasa. Sisi chumbani tulikuwa wanne, vitanda vya deka. Wengi hukimbilia cha chini. Mimi nakushauri cha juu. Cha chini kinageuka benchi la wageni, utakuta mtu usiyemjua amekikalia anakula chipsi. Nunua ndoo mbili zenye mfuniko, kwa sababu kuna siku maji yanagoma ghorofani na utayapandisha kwa ngazi. Kupika chumbani ni marufuku, na watu wanapika. Wana jiko la umeme chini ya kitanda, na ukaguzi ukija linafichwa kwenye begi likiwa bado la moto. Usiwafuate. Nyaya za majengo yale zinabeba mizigo ambayo hazikuwekewa, na begi lenye vyeti vyako ndilo litakalowaka la kwanza.

Wenzako wa chumbani hutawachagua. Mmoja ataswali alfajiri na kuwasha taa, mwingine ataongea na mchumba hadi saa saba usiku, wa tatu ataazima sabuni kama vile ni chumvi ya jirani. Wiki ya kwanza kaeni mpatane juu ya taa, wageni na usafi, kabla hamjachukiana. Ukisubiri hadi mtu akukere ndipo useme, itaonekana ni ugomvi. Na nakuomba, dagaa wako wabebe wakiwa wamekaangwa tayari, kwenye chombo cha kufunga vizuri. Mawese usibebe kabisa. Sitaki kusimuliwa kwamba binti wa Ujiji amefukuzwa chumbani kwa harufu.

Utasikia pia habari ya kubebana: aliyepata kitanda anamlaza rafiki yake aliyekosa, wanabanana wawili kwenye godoro la mtu mmoja. Chuo hakiruhusu, ila huruma ya wanafunzi haijawahi kuisha. Ukikosa chumba na mtu akajitolea kukubeba, kubali kwa siku za kutafutia pa kwenda, si kwa semista nzima. Mwenye kitanda ndiye mwenye cha kupoteza, na anayebebwa hana sauti hata ya kuomba feni izimwe.

Pamoja na hayo yote bado nasema mwaka wa kwanza kaa ndani ya chuo, na sababu yangu kubwa kuliko hela ni jioni. Ile maktaba mpya iliyojengwa na Wachina na kufunguliwa mwaka 2018 inachukua watu 2,100 kwa mara moja. Anayelala Mlimani anasoma humo hadi achoke mwenyewe, kisha anarudi kwa miguu na wenzake kwenye njia yenye watu. Aliyepanga mtaani anaanza kuangalia saa tangu magharibi: vichochoro vya kuingilia kwake vina giza, bodaboda ya usiku ina bei yake, na yule dereva keshaanza kuuliza kama ameolewa. Sisi wanawake tunayajua haya bila kufundishwa. Kazi za vikundi nazo hupangwa usiku, na anayekosekana huandikiwa sehemu ngumu. Mwaka wa pili, ukishalijua jiji na kupata wenzako wawili unaowaamini, pangeni nyumba moja mgawane kodi. Hapo hata mimi nitakuunga mkono.

Ukikosa kitanda mara ya kwanza usikate tamaa wala usikimbilie kwa dalali. Kuna watu hupangiwa wakaahirisha masomo, wengine hawalipi, na vitanda vyao hurudi. Nenda ofisi ya malazi mwenyewe, kwa upole, na urudi tena. Kama ile pumu yako bado inakusumbua, beba karatasi za hospitali. Usione aibu kuzionyesha.

Treni ya Kigoma lazima ipite hapa, kwa hiyo niambie siku mapema nipange zamu zangu shuleni. Mimi ningekuwa wewe ningeshuka Dodoma nikamalizia kwa treni ya umeme hadi Dar. Stesheni nitakuletea chandarua changu, waya wa kuunganishia umeme na kufuli mbili, moja ya kabati na moja ya begi, hivyo usivinunue. Na lita moja ya asali, ambayo utaificha vizuri kuliko dagaa. Wewe nishushie migebuka mikavu, ile mikubwa, na usimpe mama kabla sijachukua wangu.

Wasalimie wote Ujiji, hasa bibi.

Wako,
Mwajuma