Rasimu ifike Njoro kabla ya kufika Bungeni

Mhariri,

Mimi ni katibu wa kikundi cha wajane hapa Njoro, Kaunti ya Nakuru. Naandika kuhusu mashirika ya hisani na ya kutetea haki yanayoungana ili yasikike wizarani na Bungeni sera za maendeleo ya taifa zinapotungwa. Kuungana huko nakuunga mkono kwa moyo wote. Shirika moja likibisha hodi wizarani huambiwa lingoje nje. Yakija hamsini kwa pamoja hupewa viti. Ninacholalamikia ni wakati ambao sisi wa mashinani huitwa. Huitwa mambo yakiwa yameshaandikwa.

Mwaka jana nilialikwa na muungano mmoja kwenye semina hotelini, mjini Nakuru. Nilibeba daftari la kikundi, lile kubwa la jalada gumu, ambalo tumekuwa tukiliandika tangu 2019. Kila mjane anayefuatilia shamba la marehemu mumewe ana kurasa zake mle: siku aliyokwenda, ofisi aliyoingia, alichoambiwa, nauli aliyotumia, siku aliyotakiwa arudi. Nilidhani tutakaa tulisome pamoja. Nilikuta waraka wa maoni umeshachapishwa, nakala moja mbele ya kila kiti, na ukurasa wa mwisho una nafasi ya jina, shirika na sahihi. Ulikuwa kwa Kiingereza cha mawakili. Mama mmoja kutoka Subukia aliyeketi kando yangu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hapa tunakubali nini?"

Nikamwambia angoje nisome. Nilisoma mpaka mahali palipoelezwa kwa nini wajane hupokonywa mashamba. Waraka ulisema hawajui haki zao, na kwa hivyo ukaiomba Serikali itenge pesa za kuwahamasisha.

Mhariri, wajane wetu wanajua haki zao. Ukija Alhamisi tukiwa kikao watakueleza Katiba inasema nini kuhusu mwanamke na ardhi. Mahali wanapokwama ni kwenye barua ya chifu.

Kwa asiyeijua safari hii: mume akifariki na shamba liko kwa jina lake, mjane hutafuta cheti cha kifo, kisha barua ya chifu inayotaja warithi, ndipo aende mahakamani kuomba kusimamia mali ya marehemu. Ombi lake hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Akikubaliwa hungoja kama miezi sita usimamizi uthibitishwe, na baada ya hapo ndipo jina hubadilishwa kwenye hatimiliki. Sasa, katika daftari letu kurasa nyingi hazifiki hata mahakamani. Chifu humwambia mama alete shemeji zake wathibitishe. Shemeji hawaji, maana ndio wanaolilima shamba lenyewe. Mama hurudi, huambiwa vile vile. Hakuna aliyemwambia kwamba amekataliwa, wala hana karatasi ya kumwonyesha hakimu kwamba alikataliwa. Mwenzetu mmoja ameandikiwa "rudi na shemeji" mara saba, na mara ya saba mwandiko ni wangu, kwa sababu yeye alisema mkono umechoka.

Serikali ikiufuata waraka ule, pesa zitatoka, wajane watafundishwa wanayoyajua, na mama yule atarudi kwa chifu mara ya nane.

Niliinua mkono nikayasema haya. Mwezeshaji, kijana mwenye adabu, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hoja ni nzuri, ila waraka unatakiwa kufika mbele ya kamati ya Bunge kesho yake. Sikutia sahihi. Yeye simlaumu, alitumwa kazi ya siku moja.

Wakati wa chai nilimwonyesha wakili mmoja lile daftari. Alisoma kurasa nne akiwa amesimama, kikombe kimepoa mkononi. Akanieleza kwamba Ibara ya 47 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi ya umma kwa haraka na kwa njia ya haki, na ya kupewa sababu kwa maandishi uamuzi unapomdhuru, na kwamba tangu 2015 ipo sheria ya kutekeleza ibara hiyo. Tukaanza kufikiria pamoja. Kwa nini tusidai chifu awekewe siku maalumu za kutoa barua, na akiona haifai aandike sababu? Karatasi hiyo ya sababu mjane angeichukua moja kwa moja hadi mahakamani. Mimi sikuwa naijua sheria ile, naye hakuwa ameisikia habari ya shemeji. Chai ilipoisha tulikuwa na pendekezo ambalo halikuwa popote katika waraka. Na huyo alikuwa mmoja wa mawakili wa muungano wenyewe!

Hivi ndivyo ninavyoelewa maana ya mashirika kushirikiana. Mwenye ofisi Nairobi anazijua sheria, anaijua ratiba ya kamati, anajua mlango gani unafunguliwa na nani. Sisi tunajua mambo yanapokwamia. Upande mmoja ukiandika peke yake, Bunge hupelekewa maombi yaliyopangwa vizuri kuhusu shida ambayo si yenyewe.

Watu wa Nakuru tuna sababu ya kudai zaidi, kwa maana kazi ya namna hii tuliwahi kuiona ikifanyika. Kenya Land Alliance, muungano wa mashirika ya kutetea haki za ardhi, ulianzishwa 1999 ukaweka makao yake hapa Nakuru. Kenya ilikuwa haijawahi kuwa na sera moja ya taifa ya ardhi tangu Uhuru. Mtetezi wa wafugaji alikuwa na dai lake, wa maskwota lake, wa wanawake lake. Kuungana kuliwapa dai moja. Serikali ilianza kuandaa sera hiyo 2004, na Bunge likaipitisha Desemba 2009 kama Waraka wa Bunge Namba 3 wa mwaka huo. Katikati ya miaka hiyo ndipo yalipotukuta machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema ya waliofukuzwa mashambani. Nilikoroga uji pale kwa wiki kadhaa, na sikumbuki mama hata mmoja aliyepokea kikombe asitaje shamba lake, ekari ngapi, mahali gani, nani amebaki humo. Mazungumzo ya amani yaliyosimamiwa na Kofi Annan yaliweka mageuzi ya ardhi katika Ajenda ya Nne, ile ya matatizo ya muda mrefu yaliyozaa machafuko. Katiba ya 2010 ikaja na sura nzima ya ardhi, na Ibara ya 60 ikataka ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi za ardhi ukomeshwe.

Sisemi muungano mmoja ndio ulioleta yote hayo. Makamishna, wabunge na wananchi wengi walikuwa na mkono wao. Lakini madai yale yalikuwa yamesemwa mashambani miaka mingi kabla hayajafika mezani, ndiyo maana hayakufutika kirahisi yalipofika.

Mfano mwingine ni wa mashirika yenyewe. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, inayoyasimamia mashirika kama haya, ilitiwa sahihi Januari 2013, lakini haikuanza kutumika hadi tarehe 14 Mei 2024. Miaka 11! Mwaka ule wa 2013 yaliletwa Bungeni marekebisho ya sheria hiyo ambayo yangezuia pesa za kutoka nje kuzidi asilimia 15 ya fedha za shirika. Mashirika makubwa kwa madogo yakasimama pamoja, na Desemba Bunge likayakataa marekebisho hayo. Nilishukuru sana, kwa sababu mizinga yetu ya kwanza ya nyuki ilitokana na msaada wa nje. Walioyapinga walijua hasa wangeumia wapi. Hawakuhitaji mtu wa kuwaandikia. Mjane wa Njoro naye anajua anapoumia, na kwa nini basi aandikiwe?

Nimewahi kuambiwa kwamba kushirikisha vikundi vidogo kunachelewesha kazi. Sikubali. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe: taarifa ya sera ya bajeti ya taifa hufika Bungeni kabla ya Februari 15 kumalizika, na kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1. Tarehe hizi ni zile zile kila mwaka. Anayetaka maoni yetu kabla ya Februari anaweza kuja Oktoba, baada ya mavuno ya viazi, wakati watu wana nafasi. Miswada ya ghafla ipo, naelewa, na hapo simu moja inatosha.

Kuhusu gharama, naomba tuzungumze wazi. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, mashirika mengi yalitikisika, na yapo yaliyowaaga wafanyakazi tuliowazoea. Inauma. Lakini mikutano yetu haihitaji hoteli. Viti ni vya kanisa, chai tunajichangia, na mjane hahitaji posho ili aeleze habari za shamba lake. Pesa za ukumbi wa siku moja zingemlipia afisa nauli ya matatu kwenda Njoro, Molo, Elburgon na Subukia, na zingebaki.

Naomba rasimu ya waraka wa maoni ije kwetu angalau mwezi mmoja kabla, kurasa mbili tu, kwa Kiswahili. Jambo ambalo halikuanza mashinani lisiandikwe "jamii imependekeza". Na kazi ikishafika Bungeni, mtu arudi atuambie lipi liliingia, lipi liliachwa, na kwa nini. Hili la kurudi ndilo husahaulika zaidi. Nimetia sahihi nyaraka za watu tangu 2019, na hadi leo sijawahi kuletewa jibu la hata mmoja.

Daftari letu liko wazi kwa muungano wowote utakaotaka kulisoma, majina ya wenyewe yakiwa yamefunikwa kama tulivyokubaliana kikundini. Tunakutana kila Alhamisi ya pili ya mwezi, saa nane mchana. Aje hata afisa mmoja, aje na kalamu, na akiweza aje na yule wakili.

Katibu wa kikundi cha wajane,
Njoro, Nakuru