Mtengeni ugonjwa, msimtenge mtu: barua kwa wahudumu wapya wa afya vijijini, mwambao wa Ziwa Tanganyika

Wanangu,

Nimesikia mmemaliza mafunzo na kila mmoja amekabidhiwa kaya zake. Hongereni. Nilikuwa bwana afya katika mialo hii kabla wengi wenu hamjazaliwa, na ninataka tuzungumze juu ya kinyaa, maana ndicho mtakachofanya nacho kazi kila siku.

Kinyaa si madaha. Ni kinga iliyotangulia dawa zote. Mtazameni mbuzi malishoni: huyaruka majani yaliyochafuliwa na kinyesi, yenye minyoo, akala ya pembeni. Nyuki humtoa buu mgonjwa wakamtupa nje ya mzinga. Hata kule kujikunyata na kukataa chakula wakati wa homa ni mwili unajiwekea nguvu za kupambana, kwa hiyo mgonjwa aliyelala asiitwe mvivu.

Tena wapo wanyama wanaojitafutia dawa. Mwaka 1987, hapo kwenye milima ya Mahale, Mohamedi Seifu Kalunde, mtu wa kabila la Watongwe aliyeijua mitishamba, alikuwa na mtafiti Michael Huffman wakimfuatilia sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa, hana raha. Akavunja tawi changa la mjonso, akalimenya ganda, akatafuna moyo wake na kufyonza yale maji machungu. Kesho yake akawa na nguvu tena. Mjonso huohuo Watongwe huutumia kwa maradhi ya tumbo na minyoo.

Lakini kinyaa hakijui kumtofautisha mgonjwa na ugonjwa. Hilo nililijua kwa uchungu.

Kipindupindu kilipoingia kijiji kimoja, niliagiza nyumba ya mama aliyeugua izungushiwe kamba, nikapaza sauti mbele ya majirani kwamba anayependa roho yake asiikaribie. Siku ya tatu nilipita ufukweni alfajiri, nikamkuta binti wa miaka kama minane anafua shuka. Lilikuwa limelowa ule uchafu unaofanana na maji ya kuoshea mchele. Alikuwa analikamua palepale wanawake wanapochota maji ya kunywa. Baba yake alikuwa anaharisha tangu juzi, nao walimficha kwa kuiogopa kamba yangu. Kamba ile haikuzuia ugonjwa, iliusukuma gizani. Shuka lile sijalisahau hadi leo.

Waacholi wa kaskazini mwa Uganda walikuwa na njia bora kuliko yangu. Ebola ilipozuka Gulu mwaka 2000, walirudia desturi yao ya kale ya kukabili tauni waiitayo gemo. Mgonjwa aliwekwa nyumba ya peke yake, mbali na wengine. Mlangoni yakasimamishwa matete mawili marefu, moja kila upande, ili mpita njia ajue. Ngoma zikasimama. Aliyemhudumia ni mtu aliyekwisha kuugua akapona, na asipopatikana, mzee. Yaani alitengwa, lakini hakuachwa. Hata nyani waitwao mandrili wa Gabon, wanaokwepa kumchambua manyoya mwenzao mwenye vimelea tumboni, hawaachi kumchambua ndugu wa karibu wa tumbo moja.

Basi fanyeni hivi. Kipindupindu huingia kwa mdomo, hakiingii kwa kuketi na mgonjwa. Mkimkuta mtu anaharisha, ingieni, msalimieni kwa jina lake, anzeni kumnywesha maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, palepale huku safari ya kituoni ikiandaliwa. Kisha nje, majirani wakiwaona, naweni kwa sabuni taratibu bila haraka. Shuka, ndoo na choo vipate klorini. Kamba, kama lazima ifungwe, ifungwe pale pa kuchotea maji yaliyochafuka.

Kwenye mikutano, kiamsheni kinyaa mahali pake. Jipakeni masizi ya sufuria kiganjani, salimianeni mkono na watu wote, halafu waambieni watazame viganja vyao, na midomo ya watoto wao. Hapo hamhitaji hotuba ndefu.

Na kila nyumba yenye mgonjwa iwekewe mlangoni ndoo yenye bomba, badala ya yale matete mawili ya Waacholi. Mkipungukiwa, njooni kwangu. Ninazo mbili, na bomba zake hazivuji.

Babu yenu,
Bwana afya mstaafu