Vikongwe wa filamu zetu wote ni wachawi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaulize watayarishaji wa filamu zetu kwa nini mwanamke mzee akitokea kwenye skrini huwa ama mchawi ama mama mkwe mwenye gubu. Mara nyingi huyo mzee ni binti tu, aliyepakwa unga nywelini, akavishwa kaniki na kukabidhiwa kibuyu. Kwa sisi tunaoishi Kanda ya Ziwa jambo hili halichekeshi, kwa kuwa huku vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, ilhali wekundu huo umetokana na moshi wa kuni na samadi walizopikia maisha yao yote.

Kwingine mambo yamebadilika. Katika filamu moja ya Lesotho ya mwaka 2019, Mary Twala, akiwa na umri wa karibu miaka 80, aliigiza mjane anayepinga kijiji chake na makaburi yake kuzamishwa na bwawa. Kamera inatulia usoni pake bila kuionea haya mikunjo yake, na hadithi nzima inasimama juu ya uamuzi wake. Mwaka 2023 Michelle Yeoh, mwigizaji wa kike kutoka Malaysia, alipata tuzo ya Oscar akiwa na miaka 60, ingawa sidhani kama tunahitaji kwenda mbali hivyo. Waigizaji wa kike waliokomaa tunao. Waandikiwe nafasi za wakulima, wafanyabiashara, hata wapenzi, kisha tuone kama watazamaji watakimbia.

Msomaji wako,
Mwanza