Barua ya wazi kwa Afisa Michezo wa Mkoa: tunaomba mechi kwa ajili ya watoto wa skwashi

Ndugu Afisa Michezo,

Salaam kutoka hapa Mbeya mjini. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari, na huu ni mwaka wa tatu nikiwa mlezi wa timu ya skwashi. Tuna wanafunzi tisa: wasichana watano na wavulana wanne. Nakuandikia hadharani kwa sababu wazazi wao wamejitoa sana, na wanastahili kuona suala hili limesemwa wazi.

Msimu wetu wa mwaka huu ulikuwa na mechi za siku mbili tu. Siku mbili, baada ya miezi kumi ya mazoezi.

Kwa asiyeujua mchezo huu, skwashi huchezwa ndani ya chumba chenye kuta nne, urefu mita 9.75 na upana mita 6.4. Wawili wanapokezana kuupiga mpira mdogo wa raba, na kila mmoja auwahi kabla haujadunda chini mara ya pili, aufikishe ukuta wa mbele. Seti ni pointi 11, na anayetangulia kuchukua seti tatu ameshinda. Hauhitaji ekari za nyasi. Chumba kimoja chenye sakafu nzuri kinatosha shule nzima kwa zamu.

Sisi tumeazimwa chumba cha zamani. Paa linavuja masika, tunaweka ndoo na kusubiri. Hilo tumelizoea. Shida yetu kubwa nimeielewa mwaka huu, na inatokana na mpira wenyewe. Ule wa mashindano una vitone viwili vya njano, na haudundi ipasavyo mpaka upate moto. Baridi ya Mbeya unaijua. Mwezi wa sita, saa kumi na mbili asubuhi, ukiudondosha sakafuni unalala kama parachichi bivu. Watoto wanaukanyagakanyaga kwa raba, wanaupiga ukutani mara hamsini, mara mia. Yupo binti wa kidato cha tatu ambaye huuweka kwapani, ndani ya sweta, tangu anapotoka bwenini. Akifika anautoa bila kusema neno, na mazoezi yanaanza.

Likizo ya Juni tuliwapeleka Dar es Salaam kwa basi, zaidi ya kilomita 800, tukishuka Kitonga huku wengine wanatapika. Nauli walichanga wazazi. Mama mmoja anayeuza viazi Mwanjelwa aliniletea fedha zimefungwa kwenye kitenge, noti ndogondogo, akaniambia, "Mwalimu, hesabu mwenyewe, halafu mwanangu acheze."

Binti yule wa kidato cha tatu ndiye aliyetangulia. Joto la Dar lilikuwa limeupasha mpira hata kabla ya mechi. Ulikuwa unaruka juu, unagonga ukuta wa nyuma na kurudi, naye amezoea mpira unaofia kona. Kila mara alikimbilia pale mpira ulipopaswa kuwa kama angekuwa kwao. Seti ya kwanza alifungwa 11 kwa 2. Ya pili, 11 kwa 6. Kati ya seti alikaa chini, akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, nisubiri?" Nikamwambia ndiyo, usiufuate, usubiri ukufuate. Seti ya tatu akashinda 12 kwa 10. Ya nne akafungwa 11 kwa 8, mechi ikaisha.

Ndugu yangu, mtoto yule alijifunza ndani ya dakika arobaini jambo ambalo sikuweza kumfundisha kwa miaka miwili. Kilichomfunga ni uchache wa mechi. Angepata tano tu kabla ya hapo, na wapinzani wasiomjua, katika vyumba tofauti, matokeo yangekuwa mengine. Naamini hivyo kabisa.

Skwashi haimo katika michezo ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania. Kwa hiyo wenzao wa mpira wa miguu na wa pete wanapanda ngazi kutoka shule, wilaya, mkoa hadi taifa, wana ratiba, wana ruhusa, wana usafiri. Wangu hawana hata karatasi ya kumwonyesha mkuu wa shule. Sikuombi ubadilishe orodha ya taifa. Najua haiko mikononi mwako. Naomba barua moja kutoka ofisini kwako inayoitambua timu hii, ili watoto waruhusiwe kusafiri siku za masomo. Na naomba mashindano ya mkoa yajayo yatupe siku moja ya kucheza mechi za maonyesho, tualike shule za Iringa na Njombe zenye watoto walio tayari kujifunza. Raketi tutawaazima.

Mwaka 2028 skwashi itachezwa Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Los Angeles. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola imo tangu 1998. Sisemi binti yangu atafika huko. Nasema ana miaka kumi na sita, na bado anaamka alfajiri na mpira kwapani.

Tunafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi. Karibu siku yoyote. Njoo na sweta, na viatu vya soli isiyochafua mbao. Raketi ya ziada ipo.

Wako,
Mwalimu mlezi wa timu ya skwashi, Mbeya